Kocha Aliyekataa Sindano

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanamke mrefu kupita mlango anasukuma maji ya mvua kwa fagio kwenye uwanja wa saruji nyuma ya shule. Ngazi tatu za kuingilia alizishuka kiubavu, kama aliyebeba kabati. Wasichana kumi na wanne wanamsubiri. Mipira ipo mitano, mmoja umetoa uvimbe kama jipu.

"Wewe mwenye raba nyekundu, unampasia nani? Upepo?" anafoka. Wasichana wanaangua kicheko. Yeye hacheki.

Wachezaji wenzake walimwita Ghorofa. Ana miaka arobaini na saba, na goti la kulia limepasuliwa mara tatu.

"Kwenye picha za harusi nilipangwa mstari wa nyuma," anasema. "Fainali ikifika, Ghorofa mbele."

Alicheza mpira wa kikapu wa kulipwa miaka kumi na mmoja, klabu ile ile moja. Siku ya fainali yake ya mwisho goti lilikuwa limejaa maji. Daktari wa timu alimchoma sindano ya ganzi katika chumba cha kubadilishia nguo, kocha akiwa amemshika bega.

"Sikusikia kitu. Nilifunga pointi thelathini na moja. Ganzi ilipoisha nililia mpaka dada yangu akafunga madirisha, majirani wasije wakadhani napigwa."

Hakucheza tena. Klabu ilimuaga kwa keki. Baadaye ilimrudisha kufundisha watoto, kisha ikamkabidhi timu kubwa. Alikaa nayo miaka sita, akaipa vikombe viwili.

Mwaka juzi wakaingia fainali nyingine. Mchezaji wake bora, binti wa miaka ishirini anayeitwa Cheche, aliamka goti limevimba. Jukwaani alikuwepo wakala wa wachezaji kutoka ng'ambo, aliyekuja kumtazama Cheche tu. Mwenyekiti wa klabu aliingia chumba cha kubadilishia nguo akiongozana na daktari.

"Mchome, acheze," mwenyekiti alisema.

"Hachomwi mtu hapa," Ghorofa akajibu.

Cheche akamshika mkono. "Kocha, nakuomba. Nimekubali mwenyewe."

"Hata mimi nilikubali mwenyewe."

Cheche alikaa benchi dakika zote, taulo usoni. Walifungwa kwa pointi mbili. Wakala aliondoka bila kuaga, na siku tatu baadaye Ghorofa akapewa barua ya kuachishwa kazi. Siku hizi shule inamlipa kwa saa, na kwa mwezi hafikishi hata robo ya mshahara wa zamani. Analala kwa dada yake, kwenye chumba ambacho kitanda kimeongezwa stuli miguuni.

Kazi aliyopoteza haimkoseshi usingizi. Goti la Cheche ndilo linalomkosesha. Lilipona kwa wiki tano. Daktari mwingine alisema huenda sindano moja isingelidhuru. Wakala hakurudi tena, na Cheche akaacha kikapu. Sasa anauza viatu. Mwandishi wa makala haya alimkuta dukani, juu ya ngazi, akipanga maboksi.

"Goti lilikuwa langu," alisema bila kugeuka. "Yeye alikuwa analitibu la kwake."

Ghorofa anapoelezwa maneno hayo, anasugua mpira kwa kiganja.

"Amesema hivyo?" anauliza. "Basi hajakosea sana."

Angerudishiwa siku ile, angefanyaje?

"Ningekataa tena. Na ningejuta tena."

Mara mbili ameshafika hadi mbele ya duka lile, akasimama ng'ambo ya barabara, akarudi nyumbani. Dada yake amechoka kumsikiliza. "Nimemwambia, mdogo wangu, ama uingie ama unyamaze," anasema dada huyo.

Ghorofa anasema ataingia Jumamosi hii.

"Akitaka kunitukana, anitukane hapo hapo mbele ya wateja. Nitakaa kwenye kile kiti cha kujaribia viatu mpaka amalize."