Pampu Zenye Adabu

Mwanaidi, au Mama Shamimu, muuza pampu za hewa kwa wachimbaji wa Katoro, alidhani yule fundi wa hospitali amechanganyikiwa, maana alichagua zile nyonge tu, zilizokataliwa machimboni. Kila akija huziba mdomo wa pampu kwa kidole gumba, akafumba macho, akatabasamu.

"Hii ina adabu, Mama Shamimu. Kichanga hataki hewa ya fujo."

"Ichukue bure, inanijazia banda."

Siku moja fundi akamwita Mwanaidi wodini. Mashine ya kusaidia kupumua aliyoiunda kwa pampu hizo, ambayo madaktari walikwisha kuikubali, ilikuwa ikitoa mapovu chupani taratibu, na kichanga aliyekuwa akihangaika kuvuta pumzi akatulia, kifua kikipanda na kushuka. Manesi wakapiga vigelegele.

"Nataka pampu nyingine kama hizi," fundi akasema.

"Hizo sasa zina bei, baba."

Fundi akacheka mpaka machozi, akanunua zote nyonge zilizobaki bandani.