Saa ya Baba na Ubishi wa Grupu

Mdogo wangu anaishi Kamituga, anauza vipuri vya pikipiki. Mtandao wa kule unakuja na kuondoka, kwa hiyo akiupata anaandika yote kwa mara moja. Asubuhi ile, badala ya kuniandikia mimi peke yangu, aliandika katika grupu ya simu ya avenyu yetu ya Bagira, ambayo hakuwahi kuitoka hata baada ya kuhama. Aliweka picha ya saa nyeusi ya mkononi, ile aina inayowekwa kadi ya simu ndani, halafu mtu wa nyumbani anaona kwenye simu yake aliyeivaa yuko wapi. Chini ya picha akaandika: "Nataka kumutumia papa hii. Munaonaje?"

Hakujua alichokianzisha.

Baba yetu alikuwa shofere wa lori la kiwanda cha chai tangu ujana wake mpaka kiwanda kilipofungwa. Mama alipofariki akaja kuishi kwangu, na tangu hapo kumbukumbu yake imekuwa ikimtoka kidogo kidogo. Kuna siku anajua kila kitu, hata jina la mbwa aliyekufa nikiwa darasa la kwanza. Kuna siku ananiita kwa jina la mama na kuuliza chakula chake cha safari kiko wapi. Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu nimeiweka karibu na mlango ili nishone huku namwona. Avenyu nzima inamjua, na nadhani ndiyo sababu kila mtu aliona ana haki ya kutoa maoni.

Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, jirani yetu wa kona, ambaye huandika kwenye simu kama anaandika ubaoni, na nukta zote mahali pake. "Mzee si mbuzi wa kufungwa kengele," aliandika. "Sisi tulilinda wazee wetu kwa macho. Leo tunataka chuma kifanye kazi ya moyo."

Akajibiwa na kijana anayetengeneza simu na kompyuta katika kibanda cha barabarani. "Mwalimu, tuko mu karne gani? Bulaya kuko maroboti inaosha bazee na kubapa dawa. Siye tunakatala hata saa."

"Na mzee akilia, hiyo roboti itamwambia nini?"

"Itamuambia pole. Tena mu luga yake."

Kufikia saa sita mchana baba hakutajwa tena. Mtu mmoja alisema mashine zitamaliza kazi zote za ofisi, mwingine akasema na zimalize, maana watu wa ofisi wanachelewa kufika. Mama mmoja alilalamika kwamba watoto hawajui tena kuandika insha, simu inawaandikia. Halafu mtu ambaye hata sijui anaishi nyumba gani akaandika: "Hata maman wa kushona, ajipange. Kuko mashine inashona shemizi yote bila mutu." Niliyasoma hayo nikiwa na pini mdomoni, nikipima kiuno cha bibi harusi aliyekuwa amenenepa tangu nilipompima mara ya kwanza na ambaye alikuwa karibu kulia. Nikamwambia kitambaa ndicho kilichorudi, vitambaa vya siku hizi ni vibaya. Akatulia. Sijui hiyo mashine ingemwambia nini.

Kuhusu saa, mimi sikuandika kitu. Niliona aibu kwamba watu watasema nimemfunga baba yangu kamba. Lakini pia nilikuwa nimechoka kuinua kichwa kila sindano inaposimama.

Wiki hiyohiyo, mchana, mteja alikuja kuchukua gauni lake akataka pindo lipunguzwe. Niliingia chumbani kutafuta uzi wa rangi ile. Nilipotoka, mteja alikuwa anajitazama kwenye kioo, kiti cha baba kilikuwa kitupu, na mlango wa uani uko wazi. Nilienda chooni, hayuko. Kwa jirani wa kushoto, hayuko. Niliporudi ndani ndipo nikaona ule msumari ukutani ambapo koti lake la kazi hutundikwa. Koti halikuwepo. Nikajua ameenda kazini, katika kiwanda ambacho hakipo tena.

Niliweka picha yake kwenye grupu, nikaandika kwamba amepotea, aliyemwona anipigie. Ikaja mikono ya kusali, mingi sana. Halafu yule kijana wa kompyuta akaandika: "Si nilisema?" Mtu akamjibu kwamba huu si wakati wa kusema nilisema. Mwingine akauliza, kwani saa ingemzuia kutoka? Wakaanza upya, na picha ya baba ikawa inapanda juu kidogo kidogo kwa kila neno walilotupa, mpaka haikuonekana tena kwenye kioo cha simu yangu. Nikaiweka mara ya pili. Ikapanda tena.

Ndipo mama mmoja akaandika kwamba kuna mzee mwenye koti ameonekana akishuka upande wa ziwa.

Sikumbuki kama nilifunga nyumba. Nakumbuka mteja akinifuata nyuma akiwa bado na gauni lenye pindo lililofumuliwa, ananiita, kisha akashindwa na mteremko. Kule chini wanawake walikuwa wanaanua sambaza, samaki wadogo wa ziwani, walizokuwa wameanika, na kweli kulikuwa na mzee mwenye koti, amesimama anatazama maji. Nilimshika begani. Akageuka, alikuwa baba ya mtu mwingine.

"Uko natafuta nani, binti yangu?" aliniuliza.

Nilikaa kwenye jiwe, na yeye, kwa sababu hakujua la kufanya, akakaa pia. Jua lilikuwa limeinama, na siku hizi hakuna anayependa mtu wake awe njiani giza likiingia. Nilifikiria barabara zote za mji huu, zinavyopanda na kushuka, na mtu mwenye miguu kama ya baba akizipanda kutafuta lori.

Simu ikalia. Alikuwa jirani wa kushoto.

"Rudia nyumbani. Papa iko huku."

"Iko aje?"

"Iko nakula."

Nikamwomba aseme tena.

"Iko nakula, nakuambia. Anaomba chumvi."

Yule mzee alisikia, maana jirani yangu huongea kwenye simu kama anaita mtu ng'ambo ya bonde. Akanipiga kofi dogo mgongoni na kusema, "Basi, basi," na hapo ndipo machozi yaliponitoka.

Nilimkuta baba mezani, koti mwilini, anakula bugali na sombe ya majani ya muhogo kama mtu aliyetoka safari ndefu. Pembeni yake alikaa yule mwalimu mstaafu, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa mjini kwa shughuli zake tangu asubuhi, na simu yake ilizimika mapema kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kwetu toka jana yake. Hakuwa ameona picha wala kusoma ubishi wowote. Alipita pale palipokuwa na karakana ya kiwanda, sasa ni ghala la vinywaji, akamwona mzee anapiga geti kwa kiganja, na walinzi wanamfukuza.

"Alikuwa anadai funguo za lori," mwalimu alinieleza. "Nikamwambia, shofere, gari bado iko kwa fundi, watakuita ikiwa tayari. Akaniuliza, fundi ni yule wa zamani? Nikasema ndiye. Akasema basi itachukua muda, turudi."

Nilicheka. Mwalimu hakucheka. Alisubiri baba ainamie sahani yake, akanisogelea.

"Maman, mwambie mdogo wako atume ile saa."

"Lakini mwalimu, wewe ndiye uliyesema..."

"Nilisema. Niliandika nimekaa kwenye kiti changu." Akajitazama mikono. "Leo nimemshika mkono kutoka mjini mpaka hapa. Na mimi niliyesema macho ya majirani yanatosha, nilimpita kwanza. Nilidhani ni mlevi. Nilipogeuka ni kwa sababu ya koti tu."

Baba akainua kichwa akauliza kama kuna sombe nyingine. Nikaenda kumletea, nikamjazia sahani mpaka ukingoni.

Kwenye grupu, hayo mwalimu hakuyaandika. Alipopata umeme aliweka sentensi moja tu: "Mzee yuko nyumbani, Mungu asifiwe." Jirani wa kushoto akaeleza mzee alikutwa wapi na nani. Wengine wakasema, mmeona, ni binadamu aliyemwokoa, si mashine. Wengine wakasema, angekuwa na saa asingefika hata kwenye geti. Mtu akauliza bei ya roboti. Niliyasoma yote huku naosha vyombo, na hakuna neno hata moja lililoniuma. Baba alikuwa anakoroma nyuma ya ukuta. Wangeweza kubishana mpaka Pasaka.

Saa ililetwa na mfanyabiashara aliyetoka Kamituga, imefungwa ndani ya soksi ili isivunjike njiani. Kijana wa kompyuta alikuja mwenyewe kuiunganisha na simu yangu, na nilijiandaa kumsikia akijisifu. Hakujisifu. Alichuchumaa mbele ya kiti cha baba akauliza, "Papa, naweza kukufungia?"

"Inatoka wapi?"

Kijana alinitazama. Baba akajijibu mwenyewe. "Kiwandani," alisema, akanyoosha mkono. "Wamenikumbuka sasa."

Anaivaa hata kulala. Anawaonyesha wapita njia. Ramani yake haina akili sana: mara nyingine simu inaniambia baba yuko katikati ya ziwa, na kijana anasema ni mtandao tu. Nainua kichwa, namwona mlangoni anasalimia watu, narudi kwenye pindo langu.

Jumamosi nilimwacha na jirani wa kushoto nikaenda sokoni peke yangu. Nilinunua sambaza, nikazichagua polepole, nikirudisha zilizovunjika. Muuzaji akaanza kunisimulia habari za binti yake aliyeolewa Luberizi, mashemeji walivyo, mpunga ulivyotoka mwaka huu. Zamani ningemkatiza hapo, nikimbilie kwa baba. Niliweka kikapu chini, nikasikiliza mpaka alipomaliza.