Mgawa Barua na Dume la Ng'ambo ya Kijito

Wako wanaume hapa Alabama wenye bunduki za kung'aa na filimbi kumi za kuitia ndege mfukoni, lakini bata mzinga wa porini wanamjua mgawa barua wetu. Kwa vidole vilevile vinavyopanga barua, mama huyo hukwangua majani makavu mithili ya jike anayechakura, kisha huikunja mikono mapajani na kutulia kama gogo. Asubuhi ya mwisho ya msimu wa kuwinda alimchukua shemeji yake Verlon, ambaye miaka mitano hajapata hata unyoya. Akakwangua mara mbili. Dume akaitikia ng'ambo ya kijito, halafu kimya.

"Shemeji, mwite tena!" Verlon akanong'ona.

"Tulia wewe! Ameshasikia. Mwache aumie roho, atakuja mwenyewe."

Sisimizi wakali wakampanda mama shingoni, wakamng'ata. Hata kope hakupepesa. Saa nzima ikapita ndipo kichwa chekundu cha dume kilipochomoza, na Verlon akafyatua, akamwangusha.

Dukani, Verlon akawatambia watu jinsi yeye mwenyewe alivyomwita dume, kwa ustadi wake.

"Eti kweli, mama?" wakamuuliza mgawa barua.

Akapuliza kahawa yake, shingo imemvimba, kucha zimejaa udongo.

"Mimi nilikaa tu," akasema.