Pumzi za Fundi Cherehani

Kila asubuhi, kabla ya kukanyaga cherehani, fundi huketi wima, akaziba tundu moja la pua kwa kidole gumba chenye sugu ya mkasi, akavuta pumzi polepole kwa la pili, kama anayenusa chungu cha jirani. Vidonge vya presha kavitumbukiza kwenye kopo la vifungo.

“Baba watoto, daktari alisema pumzi na dawa, vyote viwili,” mkewe humkumbusha.

“Mwenye pua, dawa ya nini?”

Leo mkono umegoma kupanda puani. Umelala juu ya suruali ya mteja kama wa mtu mwingine. Akajaribu kucheka, mdomo ukacheka upande mmoja. Mkewe kalimwaga kopo sakafuni. Kati ya vifungo vyeupe, anatafuta kidonge.