Bitumbula kwa Jirani Aliyenichafulia Jina

Bitumbula havitaki ujuzi. Chukua ndizi zilizoiva mpaka ganda likawa jeusi, zile wengine wanatupia mbuzi. Ziponde kwa mkono, tia unga wa muhogo uliobaki chini ya mfuko, piga mpaka donge lishikane. Sukari hapana, ndizi yenyewe inatosha. Kisha tupa vidonge vidogo katika mafuta ya mawese ya moto. Tuliporudi kutoka Bukavu baada ya vita ya kwanza ya Congo, tukakaa Nkanka, ng'ambo hii ya mpaka, kando ya ziwa, wajukuu wangu hawakuwa na utamu mwingine.

Siku za mwanzo nilimpelekea jirani sahani. Nikauma kimoja mbele yake, maana kwetu anayekupa kitu anaonja kwanza, ujue hakina sumu. Akacheka vizuri. "Aksanti, Maman. Nitakula na batoto."

Jioni nikamwona anavimwaga shimoni pamoja na takataka. Kesho yake alikuwa bombani, anawaambia wanawake: "Bale ba kutoka Congo, mubachunge. Hata akionja, ni bure. Sumu anaifichaka mu ukucha."

Nilikuwa nyuma yake na ndoo yangu. Wote waliniona. Yeye hakugeuka.

Aliye mbali atasema ni maneno tu. Huku, ukishaitwa mrozi, mtu wa kulisha wengine sumu, nyumba yako imekufa. Noeli ile nilikaanga karai zima, hakuna aliyevuka mlango. Mjukuu wangu wa kike akarudi kutoka shule, akaniuliza, "Koko, ni kweli unauaka batu?"

Nilimwambia akanawe mikono ale. Lakini moyoni niliapa: mwanamke yule atakula kutoka mkono huu, watu wakitazama.

Nikangoja. Salamu nilimnyima. Akituma mtu kuomba kaa la moto, moto wangu ulikuwa umezimika, hata moshi ukionekana. Kila nikikaanga, niliweka jiko karibu na uzio wake, upepo wa ziwa umpelekee harufu ndani. Useme nina roho mbaya. Sema.

Ikaja vita ya pili. Barieri ya mpakani ikafungwa, sukari na unga wa ngano vikapotea madukani Kamembe. Na hapo ndipo binti wa jirani alipopata mchumba, ukoo wa mume ukatuma habari kwamba unakuja kutoka Nyakabuye kumposa. Jirani akaja kwangu, akasimama nje kama mtu wa kuomba maji.

"Maman, bageni banakuya, na sina kitu ya utamu ya kubapa. Bile bitumbula byako..."

"Byenye sumu?"

Akatazama chini.

"Si ninakuuliza? Byenye sumu?"

"Maman, ile ilikuwa mudomo tu."

"Basi nitapika. Lakini mi sitaonja. Utaonja weye, mu mukono yangu, bageni bote banaona. Ukikataa, ubape maji."

Alikubali. Angefanya nini?

Siku ile niliingia na karai kichwani. Wanawake wa bombani walikuwa wamejaa uani. Nikasimama, sikuonja. Mzee mmoja wa upande wa mume akatania, "Ee Maman, huku kwenu mupishi haonjake?"

"Leo anaonja mwenye nyumba, Mzee. Yeye njo anajua mukono yangu kuliko batu bote."

Nikachagua kikubwa kuliko vyote, nikakinyoosha mpaka midomoni mwake. Akauma, akatafuna polepole kama anayetafuna mchanga, akameza. Sikushusha mkono. "Maliza," nikamwambia. Akamaliza. Hapo ndipo wageni walipochukua, na wale wa bombani wakaramba vidole mpaka karai likabaki tupu.

Wageni walipoondoka alinishika kiwiko. "Maman, sasa tumepatana?"

"Hapana. Batoto bako bakuye bakule. Weye na mimi, hapana."

Watoto wake walikuja, wakala na wajukuu wangu sahani moja. Yeye mpaka leo ananisalimia njiani. Siitiki.