Mapigo Sabini na Nane

Wauguzi wenzake walimwita Dakika Nzima, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Kagure alipomshika mgonjwa wa moyo kifundo cha mkono, hakuhesabu mapigo kwa sekunde kumi na tano kisha akazidisha kwa nne, kama walivyofanya wengine. Alisimama pale dakika nzima, macho kwenye saa, kwa sababu moyo mgonjwa ni mlaghai: unaweza kwenda sawasawa kwa muda mfupi, halafu ukajikwaa, ukaruka pigo, ukakimbia. Kisha aliangalia mishipa ya shingo kama imetuna. Alibonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa mguu akaona kama ngozi inarudi au inabaki na kishimo. Mwisho aliuliza swali lake: "Unalalia mito mingapi?"

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mzaliwa wa Wamagana, na kumi na sita kati ya hiyo alikuwa ameitumikia hospitali moja ya watu binafsi mjini Nyeri, katika wadi ya wanawake. Alijua kwamba wenzake wanamcheka. Hilo halikumsumbua. Kilichopaswa kumsumbua ni kwamba wao walimaliza kazi ya wadi nzima kwa nusu saa, naye hakuwahi kujiuliza kwa dhati wanaimaliza vipi.

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, aliletwa mwanamke aliyeitwa Watiri, muuzaji wa makabeji katika soko la Karatina. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mwili mkubwa, leso kichwani, na alikuwa akiongea maneno mawili mawili kwa kukosa pumzi. Bintiye Sophie, mwalimu wa chekechea, alimshika kiuno huku amebeba viatu vya mamake mkononi.

"Viatu vimekataa kuingia, Sista," Sophie alisema. "Tangu Jumamosi anatembea na slipasi za baba."

Kagure alimkalisha Watiri kitandani, akainua kichwa cha kitanda, akamwekea oksijeni. Alipoona pumzi imetulia kidogo, alianza kazi yake. Mapigo mia moja na kumi na nne, hayana mpangilio. Mishipa ya shingo imesimama kama kamba. Alipobonyeza mguu, kidole kilizama, na kishimo kikabaki pale hata baada ya kuhesabu hadi ishirini. Alipoweka kifaa cha kusikilizia mgongoni, chini ya mapafu alisikia mlio kama wa chumvi inayotupwa kwenye kikaango cha moto. Yalikuwa maji.

"Mama Sophie, unalalia mito mingapi?"

"Mito?" Watiri alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Mimi silali, mami. Nakaa kwa kiti, naangalia ukuta. Nikilala ni kama mtu amenikalia kifua."

"Tangu lini?"

"Tangu hizo mvua zianze. Nilifikiria ni baridi ya soko."

Kagure alipenda jinsi mwanamke huyu alivyojibu bila kujihurumia. Alimweleza kwamba moyo wake umechoka kusukuma, kwa hiyo maji yanarudi nyuma na kujaa miguuni na mapafuni. Angepewa dawa ya kuyatoa, angekojoa sana, na kila asubuhi angepimwa uzito kabla ya chai.

"Uzito ya nini? Mimi sitaki kukonda."

"Si kukonda. Tunapima maji. Ukiongeza kilo mbili kwa siku mbili, hiyo si nyama, ni maji. Daktari akiona hivyo, anaongeza dawa. Bila uzito, anafanya kazi kama kipofu."

Kisha akampeleka kwenye mizani, na mizani haikuwaka. Betri zilikuwa zimekufa wiki kadhaa zilizopita. Kila mtu alijua, kila mtu alidhani mwenzake ameripoti. Kagure alisonya.

"Mara ya mwisho ulipimwa lini?"

"Huko kliniki ya Karatina. Miezi tatu hivi. Walisema niko na sitini na moja."

Kagure akaandika 61 kwenye chati. Alinuia kuteremka kwenye kliniki ya wajawazito aazime mizani yao, ampime vizuri, aisahihishe. Wakati huohuo mgonjwa wa kitanda cha tisa akaanguka chooni, wakaja wengine wawili kutoka Kiriaini, na saa ya kukabidhi zamu ikafika. Kesho yake alianza siku zake nne za mapumziko.

Alirudi Jumamosi kwa zamu ya mchana. Saa saba na robo aliingia wadini akifunga mkanda wa sare, na kitanda cha Watiri kilikuwa kitupu. Mfanya usafi alikuwa akifuta godoro la mpira kwa dawa.

"Mama wa hapa amehamishwa?"

"Ameenda, Sista," alisema yule mfanya usafi bila kuinua kichwa. "Saa nne na dakika arobaini. Alikufa ameketi. Ametoa povu la waridi mpaka kwa nguo."

Povu la waridi. Kagure alilijua. Ni maji ya mapafu yanapochanganyika na damu; mtu anazama akiwa juu ya kitanda kikavu. Alikwenda mezani, akachukua faili, akaifungua kwenye chati ya siku hiyo.

Saa kumi na mbili asubuhi: mapigo 78, pumzi 18, presha 120 kwa 80. Saa nne: mapigo 78, pumzi 18, presha 120 kwa 80. Saa nane mchana: mapigo 78, pumzi 18, presha 120 kwa 80. Mgonjwa ametulia, hana malalamiko.

Aliangalia saa yake. Saa nane ilikuwa haijafika. Watiri alikuwa amekufa karibu saa tatu zilizopita, na hapa kwenye karatasi moyo wake ulikuwa ukipiga vizuri kuliko ulivyopiga kwa mwaka mzima.

Kinyaa kilimpanda, kinyaa chenyewe, kama mtu aliyeuma nyama akakuta funza.

Sahihi ilikuwa ya Mwai, muuguzi wa zamu ya asubuhi, kijana nadhifu wa miaka ishirini na saba aliyependwa na wote. Alimkuta chumba cha chai akila chipsi, vidole viking'aa mafuta.

"Mwai, hii chati uliandika saa ngapi?"

Aliitazama, akatabasamu. "Ah, hiyo. Asubuhi, nikianza zamu. Nilikuwa naenda kuitoa, halafu watu wakaja."

"Uliandika ya saa nane ukiwa saa kumi na mbili?"

"Sista Kagure, wagonjwa ni thelathini na wawili na mimi niko mmoja na mwanafunzi. Hizo namba hakuna mtu anazisoma. Ni za faili tu."

"Ulimshika mkono?"

"Nani?"

"Mama Sophie. Leo asubuhi, ulimshika mkono hata mara moja?"

Mwai aliweka chipsi mdomoni, akatafuna, akameza. "Nilimsalimia," alisema.

Kagure alitoka kabla ya kusema neno ambalo asingeweza kulirudisha. Mlangoni alikutana na Matroni Warigia, mkuu wa wauguzi, mwanamke mnene mwenye sauti laini ya kanisani. Alikuwa akimtafuta. Alimshika bega, akampeleka ofisini, akafunga mlango.

Juu ya meza palikuwa na fomu mpya za chati, tupu, na kando yake kalamu tatu: ya bluu, nyeusi, na nyingine ya bluu iliyokolea zaidi.

"Binti ya yule mama anataka kuona faili," Warigia alisema. "Jumanne wanakuja na mjomba. Wewe uko na mwandiko mzuri, na watu wanakuamini. Nakili hizi kurasa upya. Mapigo yaende yakipanda kidogo kidogo, pumzi zipande, uandike daktari aliarifiwa. Tumia kalamu tofauti, ionekane ni zamu tofauti. Si uongo, Kagure. Ni kupanga tu."

Kagure alizitazama zile kalamu tatu. Kumbe kulikuwa na utaratibu. Mtu hafikirii kalamu tatu mara ya kwanza.

"Umeshafanya hivi mara ngapi, Matroni?"

"Nimelinda wauguzi wangu mara ngapi, unamaanisha. Hata wewe nitakulinda." Akaitwaa faili mkononi mwa Kagure, akaifungua kwenye ukurasa wa uzito, akaugonga kwa kidole. "Ona. Hata wewe umo."

Jumatatu, 61. Jumanne, 61. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi: 61. Miandiko minne tofauti, namba moja. Na ule wa kwanza kabisa, wenye moja iliyosimama wima na sita yenye mkia mrefu, ulikuwa wake.

Hapo Kagure alikaa. Alielewa yote mara moja. Mizani haikuwa imefufuka. Kila aliyekuja aliiona namba yake akainakili, kwa kuwa iliandikwa na Dakika Nzima, na nani angemtilia shaka? Daktari naye kila asubuhi aliona 61, akasema mgonjwa hajaongeza maji, akaacha dawa kipimo kilekile. Mwanamke alikuwa akijaa maji mbele ya macho ya watu, na karatasi inasema amekauka. Kama angeongeza maneno matatu tu, "mgonjwa amesema mwenyewe," pengine mtu angestuka.

Alikuwa amemchukia Mwai kwa dakika ishirini, na ilikuwa chuki tamu, safi. Sasa iliharibika. Alijinusa kana kwamba ananuka.

"Sitaandika," alisema.

"Basi utaangukia pabaya."

"Nitaangukia hapo hapo nilipo."

Aliichukua ile faili, akaipeleka mwenyewe kwa daktari wa zamu, akamwomba aweke sahihi kwenye kila ukurasa na saa aliyouona, ili pasiwe na wa kuubadilisha. Daktari alisitasita, lakini akasaini, kwa sababu naye alikuwa amesoma zile sitini na moja na alikuwa na lake moyoni.

Jumanne walikaa katika chumba cha mikutano: Matroni Warigia, daktari, Mwai, Kagure, na upande wa pili Sophie na mjomba wake Gatimu, mzee mkulima wa chai aliyevaa koti la Jumapili. Warigia alianza kwa sala. Aliomba ndefu, akataja mapenzi ya Mungu mara nne. Kagure aliacha macho wazi. Hakuweza kuinamisha kichwa pamoja nao.

Warigia aliposema amina, Sophie aliuliza swali moja tu. "Alhamisi nilisema miguu imefura mpaka magotini. Niliambiwa nikae nje, vipimo viko sawa. Vilikuwa sawa?"

"Vilikuwa..." Warigia alianza.

"Havikupimwa," Kagure alisema.

Akaeleza. Alieleza mizani iliyokufa, mapigo yaliyoandikwa kabla ya saa yake, ya saa ambayo mama alikuwa tayari maiti. Hakumtaja Mwai kwa jina, akasema sahihi ziko kwenye faili na kila mtu anaweza kusoma yake. Kisha akasema, "Na ile sitini na moja ya kwanza ni yangu. Mama yako aliniambia uzito wake wa zamani, nikauandika kama nimeupima. Wengine walinakili kutoka kwangu."

Mjomba Gatimu alishusha pumzi, akasema polepole kwa Kikuyu kwamba hata ng'ombe wa kuuzwa hupimwa.

"Mama alikusifu," Sophie alimwambia Kagure. "Aliniambia kuna sista mmoja anashika mkono kama mtu anayesikiliza. Kila siku alikuwa akiuliza unarudi lini." Alisimama, akachukua mkoba wake. "Sijui nikushukuru ama nikutemee mate."

"Yote mawili ni sawa," Kagure alijibu, na alimaanisha.

Familia ilipeleka malalamiko kwa baraza linalosimamia wauguzi, na kesi ikaanza safari yake ndefu. Ndani ya hospitali mambo yaliisha haraka zaidi. Barua ya onyo ilitolewa moja tu, na ilikuwa ya Kagure, kwa sababu ni yeye peke yake aliyekiri kosa kwa kinywa chake. Mwai alisema hakumbuki. Warigia alisema kalamu ni za ofisi. Betri za mizani ziliwekwa wiki hiyohiyo. Ilichukua dakika mbili.

Baada ya miezi mitatu Mwai alipata kazi ng'ambo, katika nyumba ya wazee. Walimfanyia sherehe chumba cha chai, keki yenye jina lake, soda, na Warigia akasoma barua ya sifa: mchapakazi, makini, kumbukumbu zake safi daima. Watu walipiga makofi. Kagure alikuwa amesimama karibu na mlango. Mtu alimpa kipande cha keki kwenye karatasi ya shashi, naye akakishika, krimu ikiyeyuka kwenye vidole vyake, akimwona yule kijana anavyotabasamu, akiwafikiria wazee wa nchi ya mbali ambao hawajui nani anawajia.

"Kula basi, Kagure," Warigia alisema, sauti yake laini ileile. "Mbona unawachukia wenzako hivi?"

"Si chuki, Matroni. Ni kinyaa," alijibu. "Na hata mimi mwenyewe sijajitoa humo."

Akatupa keki kwenye ndoo ya taka, akanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko kama wanavyofanya kabla ya upasuaji, akarudi wadini. Kulikuwa na mwanamke mpya kitanda cha nne, kutoka Nanyuki, mke wa mfanyabiashara wa ng'ombe, jina lake Rowda, na bado hakuna aliyekuwa amemwuliza analalaje.