Siku Niliyomfokea Masanja

Mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka hata nikiwa nimesahau nilikoweka kofia yangu. Ilikuwa Jumatatu, upepo wa kipupwe unapiga Katandala, tulikofyatulia matofali, kama umetumwa, nami nimesimama juu ya rundo la udongo nikimfokea rafiki yangu mbele ya watu. Nitakueleza ilivyokuwa. Usinihurumie kabla sijamaliza.

Enzi hizo biashara huria ndiyo kwanza ilikuwa imeruhusiwa. Maduka yaliyokaa na rafu tupu miaka mingi yalijaa sabuni na khanga, malori yalipanda kutoka Tunduma, na kila aliyejaliwa chochote mjini Sumbawanga alitaka kujenga duka lake. Sisi wafyatua matofali hatukukosa kazi. Mimi ni Mfipa wa hapa hapa. Mwenzangu alikuwa Msukuma, jina lake Masanja, ambaye wazazi wake walihamia Mpui na ng'ombe wao. Mmoja anakanda udongo, mwingine anashika kibao cha kufyatulia. Na wote wawili tulivuta sigara tangu asubuhi. Tulisema inatupa joto. Uongo mtamu huo, mwanangu. Baridi ya Ufipa haijui sigara.

Nilikuwa na binti, Tereza, hajatimiza mwaka. Kifua kilimbana kila mara, akipumua unasikia kama paka anayekoroma. Muuguzi wa zahanati alimsikiliza mgongoni, kisha akaninusa mimi.

"Baba," akasema, "dawa nitampa. Lakini ukiendelea kumbeba na moshi huo, utamrudisha hapa kila mwezi."

Mke wangu, Skola, alitembea mbele yangu njia nzima mpaka Mazwi tulikopanga chumba. Afadhali angenigombeza.

Kesho yake nikamweleza Masanja. Akatoa pakiti mfukoni, akaitupa kwenye udongo na kuikandia humo humo kwa miguu. Yeye hakuwa na mtoto, wala hakuwa na kikohozi.

"Tutaacha wote," akasema. "Peke yako hutaweza, nakujua."

Tukapatana hivi: mwenye hamu amwambie mwenzake papo hapo, tuache kazi, twende mtoni kuchota maji mpaka hamu ipite. Tulichota maji mengi wiki zile! Mzee Kapere, fundi wetu wa kuchoma tanuru, alituuliza kama tunafyatua matofali au tunafuga samaki. Lakini wiki tatu zilipita, nasi hatujagusa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ndipo Masanja akaenda Mpui kumzika baba yake mdogo. Aliporudi ile Jumatatu, hata mzigo hajautua, akanijia moja kwa moja.

"Leonsi, nimevuta. Msibani, mbili. Nakuambia kama tulivyopatana."

Angalia, mwanangu: alikuja mwenyewe. Hakuna aliyemwona, hakuna aliyemuuliza. Nami, badala ya kumpa pole ya msiba, nikapandisha sauti.

"Mwanaume mzima unashindwa na majani makavu? Ungeniambia mapema kwamba huna msimamo!"

Vibarua wengine wakacheka. Masanja akanitazama tu. Macho yake yalikuwa bado mekundu kwa kumlilia mtu wake. Akautua mzigo, akafanya kazi hadi jioni. Alhamisi akafunga nguo zake, akarudi kwao.

Hujafa hujaumbika. Hazikupita siku tano nami nikanunua moja, nikavutia nyuma ya tanuru. Kisha nyingine. Nikawa natafuna majani ya mpera kuua harufu. Jioni moja nikambeba Tereza, akaanza kukohoa. Skola akanyoosha mikono, akamchukua taratibu bila kuniuliza lolote. Kumbe alijua. Nami ningemwambia nani? Mtu pekee ambaye angenielewa nilikuwa nimemfukuza kwa ulimi wangu.

Mzee Kapere alinikuta pale nyuma nikizima kipande kwa kisigino. Nikampa shikamoo ya haraka haraka, kama mwizi. Akaitikia, akakaa juu ya gogo.

"Ulimfokea mwenzio ili aache," akauliza, "au ili watu wakuone wewe umeacha?"

Nikaendelea kukisaga kile kipande kwa kisigino.

"Mimi ugoro niliuacha mara nne kabla haujaniacha wenyewe. Kila nikiurudia, marehemu mke wangu aliniuliza, 'Haya, tunaanza tena lini?' Angenicheka siku ya kwanza, ningekuwa naficha mpaka leo. Kuteleza si kuanguka, Leonsi. Ila mtu akiteleza ukampigia kelele, ataanguka kweli. Nenda Mpui."

Jumamosi nikapanda lori la mahindi. Nilimkuta Masanja anakamua ng'ombe. Nikamwamkia baba yake, nikampa pole ya kufiwa na mdogo wake, jambo nililopaswa kulifanya kitambo. Kisha nikasimama mbele ya rafiki yangu.

"Nimevuta, Masanja, tena kwa kujificha. Nilikuaibisha mbele za watu, kumbe mwenye aibu ni mimi. Nisamehe."

Akaendelea kukamua. Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza, "Ngapi?"

"Tisa."

"Tisa!" Akaacha kukamua. "Mimi kwa mbili tu ukasema si mwanaume. Wewe sasa tukuite nani?"

Akacheka mpaka ng'ombe akashtuka na kupiga teke chombo, maziwa yakamwagika. Nami nikacheka huku machozi yananitoka. Mama yake alitugombeza kwa ajili ya maziwa, kisha akatuletea mtindi, tukanywa kwa zamu kutoka kibuyu kimoja.

"Utarudi lini tuanze?" nikamuuliza.

"Nitarudi Jumatatu," akasema. "Kuanza, tumeshaanza."

Usidhani tulimaliza siku ile. Baadaye yeye alirudia mara moja, mimi mara mbili. Lakini hatukufichana tena. Aliyeteleza alisema, na aliyesikia alichukua ndoo akatangulia mtoni. Ikaja siku tukagundua tumechoma tanuru zima bila mmoja wetu kuitaja sigara. Kifua cha Tereza hakikupona chote; hadi leo kipupwe kikiingia hujifunga shali shingoni. Lakini alikua, akasoma, na siku ya harusi yake mimi nilimshika mkono upande mmoja, Masanja akamshika upande wa pili.

Basi, mwanangu, ukitaka kuacha sigara, au lolote linalokutawala, usijifungie nalo ndani. Tafuta mwenzako, mpatane mtafanya nini hamu ikija, maana hamu haipigi hodi. Ukiteleza, sema siku ile ile. Aliyeficha moja humaliza pakiti. Na mwenzako akija kukuambia ameshindwa, kwanza mshukuru kwa kusema kweli. Muulize kilichomsibu, umpe pole. Ya kesho mtayapanga pamoja. Usimtake awe mtakatifu. Mtake awe mwenzako.

Mungu akupe pumzi ndefu na kifua chepesi. Akupe rafiki atakayekupokea siku ya kushindwa kwako, na aulainishe ulimi wako siku rafiki huyo atakapokuja kwako. Nenda salama, mwanangu.